Timu yetu imesajili kumi na mmoja: je, msimu ujao tuote ubingwa?

Swali la msomaji: "Mwalimu, shikamoo. Msimu uliopita timu yangu ilimaliza ya saba kwenye ligi ya timu 20, ikiwa na pointi 57. Sasa tumeleta kocha mpya na wachezaji kumi na mmoja, na mechi nne za kirafiki tumeshinda zote. Wenzangu wanasema safari hii ubingwa ni wetu. Mimi moyo unasita, ila sina hoja ya kuwajibu. Mtu anaupimaje msimu kabla haujaanza?"

Marahaba, ndugu yangu. Moyo wako unasita kwa haki, na hoja unayoitafuta imo ndani ya ujumbe wako mwenyewe. Umenitajia kumi na mmoja walioingia. Hukunitajia hata mmoja aliyetoka, wala aliyebaki. Ndivyo mashabiki wengi tulivyo dirisha la usajili likifunguliwa: mchezaji mpya anapigwa picha na jezi, anatangazwa usiku, watu wanakesha. Beki aliyecheza mechi 36 msimu uliopita akiongeza mkataba wa miaka miwili, habari yake haifiki hata asubuhi. Nimekaa kwenye mabenchi ya ufundi kwa miaka mingi, sehemu kubwa nikiwa mtu wa kuchambua mechi, na nikiulizwa timu itamaliza wapi, huwa naanza na yule beki.

Lakini kwanza tuliweke neno "ubingwa" kwenye hesabu, maana wenzako wanalitamka kirahisi. Ligi ya timu 20 ni mechi 38. Bingwa kwa kawaida huvuka wastani wa pointi mbili kwa mechi. Leicester City walipotwaa ubingwa wa Uingereza msimu wa 2015/16 walikuwa na pointi 81, yaani 2.13 kwa mechi, na hao wanahesabika kuwa mabingwa wa pointi chache kwa zama hizi. Chelsea mwaka uliofuata walifikisha 93. Ninyi mna 57, sawa na 1.5 kwa mechi. Tuseme mlishinda 16, mkatoka sare 9, mkapoteza 13. Ili mfike 84, vipigo tisa kati ya vile 13 vigeuke ushindi, na wakati huohuo msipoteze chochote mlichokipata mwaka jana. Waulize wenzako ni vipigo gani hivyo tisa. Wavitaje, kimoja kimoja, na waseme ni mchezaji gani mpya angeligeuza kila pambano. Hapo mazungumzo yatashuka sauti yenyewe.

Inawezekana? Imewahi kutokea, na nitakueleza ilivyotokea. Ila haikutokea kwa njia ambayo wenzako wanaifikiria.

Chukua karatasi. Kwenye ligi ya mechi 38, kila nafasi uwanjani ina dakika 3,420, na wachezaji kumi na mmoja kwa pamoja wana dakika 37,620. Tafuta dakika alizocheza kila mtu msimu uliopita. Siku hizi takwimu hizo zinapatikana wazi kwa ligi nyingi. Jumlisha za wale walioondoka: waliouzwa, waliomaliza mikataba, waliorudi kwao mkopo ulipokwisha. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu mchezaji wa mkopo akiondoka hakuna tangazo. Anafunga mizigo tu. Kinachobaki baada ya kuwatoa hao ndicho timu yako halisi. Mimi nikiona zaidi ya robo tatu ya dakika zimebaki, natulia. Zikiwa chini ya nusu, hata kama walioingia wana majina makubwa, najiandaa kwa miezi mitatu ya kubahatisha.

Dakika zenyewe hazina uzito sawa. Winga akiondoka, mwingine anaweza kuingia na kufanya kazi yake tangu wiki ya kwanza, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya winga ni yeye na beki aliye mbele yake. Mabeki wa kati ni habari nyingine. Wale wawili, pamoja na kipa aliye nyuma yao na kiungo mkabaji aliye mbele yao, wanacheza mchezo ambao watazamaji hawausikii. Krosi inapigwa: nani anaufuata mpira, nani anabaki na mtu? Kipa akitoka, anapiga kelele mapema kiasi gani, na beki anamwamini? Mshambuliaji akirudi nyuma kuchukua mpira, beki mmoja anamfuata. Je, mwenzake anajua kuziba pengo bila kuambiwa? Haya hayafundishwi ubaoni yakaisha. Yanazaliwa na makosa ya pamoja, mechi baada ya mechi, mpaka mmoja anageuza bega na mwenzake ameshaelewa.

Niliwahi kuwa kwenye timu, sitaitaja, iliyosajili wachezaji tisa kwa kiangazi kimoja. Kipa mpya, mabeki wa kati wote wawili wapya, na kila mmoja wa hao watatu alikuwa na lugha yake. Mazoezini kila kitu kilikuwa safi. Mechi ya tatu ya ligi tukafungwa bao la kona, mpira ukidondoka hatua tano kutoka golini huku watu wetu watatu wakitazamana. Mechi ya tano, bao lilelile. Nilirudia ile video usiku kucha nikitafuta mwenye kosa, nikakosa wa kumlaumu. Kila mmoja alikuwa amefanya alivyozoea kufanya kwenye timu aliyotoka. Mwezi wa Januari tukawa tumetulia, wale watatu wakawa ukuta kweli, lakini pointi za Agosti na Septemba hazikurudi. Msimu ule bado unaniuma, kwa sababu walikuwa wachezaji wazuri na walitukanwa vibaya mno kwa jambo ambalo lilihitaji muda tu.

Sasa tuwarudie Leicester, maana najua wenzako watawataja. Kila anayeota huwataja. Ukweli ni kwamba kampuni za kubeti zilitoa uwezekano wa mmoja kwa 5,000 kabla ya msimu ule, na sijui mchambuzi aliyeuona ubingwa. Lakini kulikuwa na kitu cha kuona kama mtu angetazama. Msimu wa nyuma yake walikuwa mkiani wakati wa Krismasi, kisha wakashinda mechi saba kati ya tisa za mwisho na kumaliza wa 14. Timu iliyoshinda zile saba haikuvunjwa. Kasper Schmeichel alibaki golini. Katika mabeki wa kati, Wes Morgan alibaki, na Robert Huth, aliyekuwa pale kwa mkopo tangu Februari, akanunuliwa moja kwa moja. Danny Drinkwater, Marc Albrighton, Riyad Mahrez na Jamie Vardy wote wakabaki. Aliyeondoka na kuacha pengo ni Esteban Cambiasso pale katikati, na katika walioletwa alikuwamo N'Golo Kanté kutoka Caen. Kocha alibadilika, Nigel Pearson akaondoka na Claudio Ranieri akaja, lakini Ranieri hakuing'oa nyumba kwenye misingi. Hata hivyo walihitaji muda: mechi tisa za mwanzo hawakumaliza hata moja bila kuruhusu bao. Wes Morgan alicheza kila dakika ya ligi msimu ule. Kila dakika.

Weka kando yao Chelsea ya 2022/23. Mwaka uliotangulia ilikuwa ya tatu na pointi 74. Ikanunua kiangazi, ikanunua tena Januari, akiwamo Enzo Fernández kwa zaidi ya pauni milioni 100. Kipaji kilikuwapo, hakuna anayebisha. Ikamaliza ya 12 na pointi 44, baada ya kupita kwenye mikono ya Thomas Tuchel, Graham Potter na Frank Lampard. Au watazame Burnley, waliopanda daraja mwaka 2023 na pointi 101, wakabadilisha sehemu kubwa ya kikosi kile kilichowapandisha, na msimu uliofuata wakashuka na pointi 24.

Mfano ulio karibu na moyo wangu ni wa Yanga kiangazi cha 2023. Kocha Nasreddine Nabi aliondoka. Fiston Mayele, aliyefunga mabao 17 kwenye ligi, aliondoka. Feisal Salum akahamia Azam. Wengi waliandika kwamba zama zimekwisha. Lakini golini alibaki Djigui Diarra, na mbele yake Ibrahim Bacca, Dickson Job na Bakari Mwamnyeto, watu waliokuwa wameshakula chumvi nyingi pamoja. Kocha mpya, Miguel Gamondi, alikuta nyumba ina nguzo, akapaka rangi yake. Stephane Aziz Ki akafunga mabao 21, na ubingwa ukabaki palepale. Anayetazama orodha ya walioondoka anaona msiba. Anayetazama waliobaki anaona timu.

Jambo la pili la kuandika kwenye karatasi yako ni mabao, ya kufunga na ya kufungwa, msimu uliopita. Hukunitajia, na nimelisikitikia hilo kuliko yote, kwa sababu mabao husema kweli kuliko pointi. Ushindi wa 1-0 na wa 4-0 hulipwa pointi tatu sawasawa, lakini ule wa kwanza mara nyingi umeamuliwa na mwamba wa goli, na kidole cha kipa, na mwamuzi aliyeona au asiyeona. Timu iliyokusanya pointi nyingi kwa ushindi wa bao mojamoja imekopa kwa bahati, na mkopo hudaiwa.

Manchester United ya 2023/24 ilimaliza ya nane na pointi 60, nafasi moja tu chini yenu, ikiwa imefunga mabao 57 na kufungwa 58. Rudia kusoma hapo: pointi 60, na bado ilifungwa bao moja zaidi ya iliyofunga. Ni timu ya kati kabisa iliyoazima nguo ya sherehe. Mwaka uliofuata ikamaliza ya 15 na pointi 42. Wapo watakaosema ni kwa sababu kocha alibadilishwa Novemba, na ni kweli haikusaidia, ila dalili ilikuwa imeandikwa kwenye msimamo tangu Mei. Newcastle ya 2011/12 ilikuwa ya tano na pointi 65, lakini tofauti ya mabao, yaani ya kufunga ukitoa ya kufungwa, ilikuwa +5 tu. Msimu uliofuata: nafasi ya 16, pointi 41.

Upande wa pili upo pia. Brighton ya 2020/21 ilimaliza ya 16 na pointi 41, tofauti ya mabao -6, ambayo si mbaya kwa timu ya nafasi hiyo. Waliofuatilia ubora wa nafasi zake walikuwa wakisema muda wote kwamba timu hii inacheza vizuri kuliko inavyolipwa. Hiki ndicho kipimo kinachoitwa mabao yanayotarajiwa: kila shuti hupewa uzito kulingana na nafasi za aina ile zilivyozaa mabao huko nyuma. Penalti hupewa kati ya 0.7 na 0.8, shuti la mbali lenye watu mbele huenda likapewa 0.03. Ukijumlisha unapata picha ya mechi ilivyostahili kuwa. Mechi moja haikuambii kitu, 38 zinakuambia mengi. Brighton hawakubadilisha kocha wala hawakununua kumi na mmoja. Msimu uliofuata wakamaliza wa tisa na pointi 51. Kwa hiyo, ukikuta timu yenu ina 57 na tofauti ya mabao ni +12, nitafurahi kwa ajili yako. Ukikuta ni -3, wape wenzako pole mapema.

Kuhusu mechi nne za kirafiki sitasema mengi. Matokeo yake yatupe. Wachezaji wanazicheza miguu ikiwa mizito kwa mazoezi ya nguvu ya asubuhi, mabadiliko ni watu saba au kumi, na mpinzani anaweza kuwa kwenye wiki yake ya kwanza ilhali ninyi mko ya nne. Nikitazama mechi ya kirafiki natafuta vitu vitatu pekee: timu inaanza kukaba kutoka wapi, nani anasimama wapi kwenye kona na faulo, na mabeki gani wawili wamepangwa pamoja kwenye mechi ya mwisho kabla ya ligi. Hicho cha mwisho ndicho kinachoniweka macho. Kama wiki moja kabla ya ufunguzi kocha bado anajaribu jozi ya tatu ya mabeki wa kati, hata ushindi wa 5-0 haunifariji.

Kocha mpya ni swali gumu zaidi, na hapa naomba uniazime subira. Kuna imani kwamba kocha mpya huleta upepo mpya. Upepo upo, lakini sehemu yake ni ya kuazima. Timu humfukuza kocha ikiwa kwenye kipindi kibaya kabisa, na kipindi kibaya kabisa mara nyingi ni uchezaji mbovu uliochanganyika na bahati mbovu. Bahati ingegeuka tu, hata kama angebaki yuleyule. Kocha anayekuja kiangazi ni tofauti, maana anapewa kitu kilicho ghali kuliko mshambuliaji: wiki sita za mazoezi bila mechi ya ushindani katikati. Xabi Alonso aliichukua Bayer Leverkusen Oktoba 2022 ikiwa ya 17 kati ya timu 18. Aliinyanyua mpaka ya sita, kazi kubwa. Lakini ni baada ya kupata kiangazi chake cha kwanza kamili, mwaka 2023, ndipo ilipotwaa ubingwa wa Ujerumani bila kupoteza mechi, ushindi 28 na sare 6. Waliongezwa watu, ndiyo, Granit Xhaka na Álex Grimaldo miongoni mwao, ila waliingia kwenye timu iliyokwisha kujua kocha anataka nini.

Antonio Conte ndiye mfano ambao wenzako wangeutumia kama wangeujua, basi nakupa silaha ya upande wao pia, maana haki ni haki. Chelsea ilimaliza ya 10 mwaka 2016 na pointi 50. Alipokuja Conte, ikapata 93 na ubingwa. Pointi 43 zaidi! Lakini tazama kilichokuwa chini yake. Thibaut Courtois, Gary Cahill, César Azpilicueta, Nemanja Matić, Eden Hazard na Diego Costa walikuwa mabingwa wa 2015 waliokuwa wamepitia mwaka mbaya, wote wakabaki. Juu yao akaongezwa Kanté, yuleyule wa Leicester. Na kocha mwenyewe hakufika na jibu mfukoni: Septemba alifungwa na Liverpool, kisha akafungwa 3-0 na Arsenal, ndipo akahamia mabeki watatu na kushinda mechi 13 mfululizo. Swali la kumuuliza kocha wenu mpya, basi, si kama anaijua kazi. Ni je, wachezaji anaowahitaji kwa mfumo wake ni wale waliobaki au ni wale waliokuja juzi? Akihitaji wa juzi, mtasubiri.

Kisha ratiba. Leicester ya 2015/16 na Chelsea ya 2016/17 zina jambo moja ambalo watu husahau kulitaja: hazikuwa na mashindano ya bara. Mwili wa mchezaji unahitaji takriban saa 72 kurudi baada ya mechi kali. Anayecheza Alhamisi ugenini na Jumapili kwenye ligi anapata hizo kwa shida, na mazoezi ya katikati ya wiki yanageuka kuwa kukandwa misuli na kutazama video. Anayecheza Jumamosi hadi Jumamosi ana siku za kufundishwa. Ile Newcastle niliyoitaja, nafasi ya tano iliipeleka Ulaya, ikafika robo fainali ya Europa League, na ligi ikaulipia ule usafiri. Ninyi mlimaliza wa saba. Kwenye baadhi ya ligi nafasi hiyo, kombe la ndani likiangukia vizuri, hufungua mlango wa mashindano ya bara. Ikiwa mmefuzu, kikosi cha watu kumi na mmoja wapya kitakuwa kinajifunza kucheza pamoja huku kikisafiri. Ikiwa hamkufuzu, hiyo ndiyo habari njema kubwa kuliko zote ulizoniandikia, na hukuiandika.

Ndani ya ratiba angalia pia mechi sita za mwanzo: ngapi nyumbani, ngapi dhidi ya timu za juu. Timu mpya ikianza na ratiba laini hupata muda wa kuelewana ikiwa na pointi mkononi. Ikianza na vigogo watatu, kelele za mashabiki zinaweza kuvunja kitu kabla hakijajengeka. Angalia nani ana mechi za viporo, yaani zilizoahirishwa, kwa sababu msimamo wenye viporo ni msimamo wa uongo. Angalia wachezaji wangapi wa kikosi cha kwanza wataitwa na mataifa yao katikati ya msimu. AFCON iliyochezwa Morocco ilianza Desemba 2025 na kwisha Januari 2026, na timu yenye Waafrika watano wa kutegemewa iliishi mwezi ule kwa akiba.

Usizisahau timu zilizopanda daraja. Uingereza msimu wa 2023/24 zote tatu zilizopanda zilishuka, na 2024/25 zote tatu zikashuka tena. Kwenye ligi yenye pengo la namna hiyo, timu ya nafasi yenu inatakiwa kuvuna karibu pointi zote 18 kwa hizo tatu, nyumbani na ugenini, maana wengine wote watazivuna. Hapo sare moja ni hasara. Kwenye ligi ambazo pengo ni dogo, wageni ndio hatari ya Agosti: wamezoea kushinda na wamezoeana. Kaiserslautern ilishuka daraja Ujerumani mwaka 1996, ikapanda 1997, na 1998 ikawa bingwa chini ya Otto Rehhagel.

Soma pia kanuni za ligi yako, japo mara moja kwa mwaka. Timu zikilingana pointi, Uingereza hutazama tofauti ya mabao. Ndivyo Manchester City walivyowapita majirani zao Manchester United mwaka 2012, wote wakiwa na 89. Hispania hutazama kwanza zilivyokutana zenyewe. Mwaka 2007 Real Madrid na Barcelona walilingana kwa pointi 76, Barcelona akiwa na tofauti bora ya mabao, na kombe likaenda Madrid kwa sababu ya 2-0 na 3-3 walipokutana. Anayejua kanuni hii anajua kama bao la dakika ya 90 akiwa anaongoza 3-0 lina thamani au halina. Pointi hukatwa pia: Everton ilikatwa 10 Novemba 2023 kwa kukiuka kanuni za fedha, zikapunguzwa kuwa sita kwenye rufaa, kisha ikakatwa mbili nyingine. Klabu inayosajili kumi na mmoja kwa mkupuo inafaa iulizwe imelipa kwa fedha gani.

Msimu ukianza, nakuomba jambo moja, na naliomba kwa dhati. Usihukumu kabla ya mechi kumi. Novemba 2022 Yanga, ikiwa imepita mechi 49 za Ligi Kuu Tanzania Bara bila kipigo, ilifungwa 2-1 na Ihefu iliyokuwa ikihangaika mkiani. Wiki ile ungesoma kwamba timu imeoza. Mei ikawa bingwa. Mechi moja ni mechi moja. Na wale vijana kumi na mmoja, wengine wamehama nchi, wanalala kwenye nyumba wasizozizoea, na mwezi wa kwanza watakosea mambo ambayo kwao walikuwa wakiyafanya wakiwa wamefumba macho. Ukiwa jukwaani, kuwa yule anayewapigia makofi wakipoteza mpira wakijaribu. Nimekaa benchini, nakuhakikishia wanasikia.

Umetaka hoja, basi nami nijifunge na ubashiri wangu. Timu ya saba, kocha mpya, wapya kumi na mmoja: kwa kawaida naitarajia ianze kwa kusuasua, iimarike baada ya mwaka mpya, na imalize kati ya nafasi ya tano na ya kumi. Ubingwa siuoni. Ila nafasi yenyewe ndani ya hizo sita inategemea jibu ambalo wewe unalo na mimi sina. Kama kipa na mabeki wawili wa kati waliocheza zaidi msimu uliopita bado wapo wote watatu, na hamna safari za katikati ya wiki, nakuwekea ya tano. Kama mmoja wa mabeki hao ameondoka, ya nane. Kama wote wawili wameondoka na kipa ni mpya, niandikie tena Novemba, tutazungumza habari za kubaki daraja la juu kwanza.